Hesabu za mafumbo: jinsi ya kutoka kwenye maneno hadi kwenye mlinganyo

Mpe mtu aliyesoma aljebra kidogo mlinganyo huu: 3x + 7 = 31. Atatoa 7, atagawanya kwa 3, atakuambia x ni 8, yote hayo kwa pumzi moja. Sasa mwambie hivi: "Nimewaza namba, nikaizidisha kwa 3, nikaongeza 7, nikapata 31. Ni namba gani?" Wengi wanakwama hapo. Wanatazama dari. Wengine wanaanza kuzidisha 31 kwa 3 kwa sababu tu wamesikia neno "nikaizidisha".

Swali ni lile lile, limebadilishiwa nguo tu. Katika madaftari mengi niliyosahihisha, kosa halikuwa kwenye kujumlisha wala kugawanya. Lilikuwa limeshatokea mistari miwili juu, pale mhusika alipogeuza maneno kuwa alama. Hesabu aliyofanya baada ya hapo ilikuwa safi kabisa, ila ilikuwa ya swali lingine. Kwa hiyo hapa nitakaa sana kwenye kusoma na kutafsiri. Ukokotoaji nitaupitia haraka, maana huo wengi wanauweza.

Anza na jibu, uache pengo

Soma swali mara mbili, kalamu ikiwa chini. Mara ya kwanza lisome kama hadithi: nani yumo, nini kinatokea, kipi kinatangulia kipi. Mara ya pili tafuta kinachoulizwa, ambacho kwa kawaida kimejificha kwenye sentensi ya mwisho. Kisha, kabla hujagusa namba yoyote, andika sentensi ya jibu yenye pengo:

"Umri wa mtoto sasa ni miaka ____."

"Mwanzoni tangi lilikuwa na lita ____."

Inaonekana kama mchezo wa watoto, lakini inakulazimisha kujua unatafuta nini na kwa kipimo gani. Na mwishoni inakuzuia kujibu swali usiloulizwa. Mara ngapi mtu amepata x = 7, akapiga mistari miwili chini yake kwa furaha, akafunga daftari, kumbe x ilikuwa umri wa mdogo na swali lilitaka wa mkubwa!

Ipe jina namba usiyoijua

Herufi inasimama badala ya namba. Haisimami badala ya mtu wala kitu. Usiandike "x = mtoto"; andika "x = umri wa mtoto sasa, kwa miaka". Kama unaona najisumbua bure, jaribu hili: katika shule fulani, kwa kila mwalimu mmoja kuna wanafunzi 30. Tuseme w ni idadi ya walimu na n ni idadi ya wanafunzi. Andika mlinganyo.

Wengi sana wanaandika w = 30n. Wamefuata mpangilio wa maneno, "mwalimu mmoja, wanafunzi 30", na wamezifanya herufi kuwa vifupisho. Weka namba uone. Walimu wakiwa 2, wanafunzi ni 60. Je, 2 ni sawa na 30 × 60, yaani 1,800? Hapana. Mlinganyo sahihi ni n = 30w: ukitaka idadi ya wanafunzi, chukua idadi ya walimu uizidishe kwa 30. Namba 30 inakaa upande wa kile kilicho kichache, ili kiongezwe hadi kilingane na kile kilicho kingi. Kila ukiona "kwa kila", jaribu kwanza na namba ndogo za kubuni kabla hujauamini mlinganyo wako.

Vitu usivyovijua vikiwa viwili, ita x kile ambacho kingine kimeelezwa kwacho. "Namba kubwa inazidi ndogo kwa 18" inakuambia yenyewe: ndogo ni x, kubwa ni x + 18. Ukianza na kubwa utaandika x − 18, nayo si kosa, ila unajiletea alama za kutoa bila sababu.

Tafsiri kipande kwa kipande

Hapa ndipo pa kupunguza mwendo. Usijaribu kubeba swali zima kichwani. Chukua kipande kimoja cha sentensi, kigeuze, nenda kwenye kingine. Na kuna maneno ya Kiswahili ambayo lazima uyatolee macho.

Jozi ya kwanza ni *kwa* na *hadi*. "Uzito umepungua kwa kilo 40" na "uzito umepungua hadi kilo 40" zinatofautiana kineno kimoja tu. Katika ya kwanza, 40 ndiyo iliyoondoka: x − 40. Katika ya pili, 40 ndiyo iliyobaki. Mtu anayesoma kwa kasi haoni tofauti, na hakuna hesabu itakayomwokoa baadaye.

Jozi ya pili: "mara tatu ya jumla ya namba na nne" na "jumla ya mara tatu ya namba na nne". Zisome tena polepole. Ya kwanza inataka ujumlishe kwanza ndipo uzidishe, kwa hiyo ni 3(x + 4). Ya pili inazidisha namba peke yake: 3x + 4. Ukiweka x = 5 utapata 27 na 19. Kanuni ninayoitumia ni kuuliza: neno "mara" limeshika nini mkononi? Kama limeshika neno "jumla" au "tofauti", basi mabano ni lazima.

Kutoa nako kuna mpangilio wake. "Toa 5 kwenye namba" ni x − 5. "Toa namba kwenye 5" ni 5 − x. Kwenye kujumlisha na kuzidisha unaweza kugeuza utakavyo na jibu lisibadilike, ndiyo maana watu wanazoea kuandika namba kwa mpangilio walioisikia. Kwenye kutoa na kugawanya mazoea hayo yanawaponza.

Halafu kuna "mara tatu zaidi". Hili ni tatizo la mtunga swali, si lako. Wengine wanaposema "kikubwa mara tatu zaidi ya kile" wanamaanisha 3x. Wengine wanahesabu kwamba *zaidi* maana yake ni nyongeza, kwa hiyo x + 3x. Katika maswali mengi ya shule inakusudiwa 3x. Ukitunga swali mwenyewe andika "mara tatu ya", uwaondolee watu utata.

Mwisho ni viwakilishi. Kiswahili hakina "yeye" wa kiume na "yeye" wa kike, na "yake" linaweza kuwa la yeyote aliyetajwa. Swali likisema "umri wake ni mara mbili ya umri wa ndugu yake alipokuwa na umri wake wa sasa", usijaribu kulielewa likiwa hivyo hivyo. Liandike upya, kila "yake" na "wake" uweke jina la mwenyewe. Nusu ya ugumu itaondoka kabla hujaandika x hata moja.

Mlinganyo ukishapatikana

Mlinganyo ni mizani iliyotulia. Ukiondoa kitu upande mmoja, ondoa kile kile upande wa pili. Ukiugawanya upande mmoja, ugawanye na mwingine. Jina lenyewe la somo limetoka hapo: *al-jabr* ni neno la Kiarabu lenye maana ya kurejesha kilichopunguka au kuunga kilichovunjika, na katika karne ya 9 huko Baghdad, al-Khwarizmi alilitumia kwa kitendo cha kuongeza kwenye pande zote mbili ili kuondoa kilichokuwa kimetolewa. Yeye hakuwa na x wala alama ya sawasawa. Alieleza kila kitu kwa maneno matupu. Alama ya = tunayoitumia leo ilikuja mwaka 1557, ilipochapishwa na Robert Recorde wa Wales aliyechoka kurudia maneno "ni sawa na". Kwa hiyo hesabu ya maneno ndiyo iliyotangulia, alama zikaja baadaye kumpunguzia mtu maandishi.

Sipendi sana ile njia ya mkato ya "ikivuka alama ya sawasawa inabadilika". Inafanya kazi kwa namba iliyojumlishwa au kutolewa, lakini nimeona mtu akifika 3x = 24 akaivusha ile 3, akaandika x = 24 − 3 = 21. Ile 3 haikujumlishwa na x, imeizidisha. Dawa yake ni kugawanya. Mtu anayefikiria mizani hawezi kufanya kosa hilo.

Tahadhari nyingine ndogo, kuhusu MAGAZIJUTO. Mabano kwanza, kisha gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Ni kumbukumbu nzuri, ila ukiifuata kama amri ya kijeshi itakuangusha kwenye 10 − 4 + 3. Ukijumlisha kwanza utapata 10 − 7 = 3. Jibu sahihi ni 9. Kujumlisha na kutoa vina cheo kimoja. Vikikutana, nenda kutoka kushoto kwenda kulia.

Mfano wa umri, tuutazame kwa karibu

Baba ana miaka 41 na mwanawe ana miaka 9. Baada ya miaka mingapi umri wa baba utakuwa mara tatu ya umri wa mwana?

Jibu lenye pengo: "Ni baada ya miaka ____." Kwa hiyo x ni idadi ya miaka kutoka sasa, si umri wa mtu yeyote. Maswali ya umri yanapendeza yakiwekwa kwenye safu mbili:

Sasa: baba 41, mwana 9.
Baada ya miaka x: baba 41 + x, mwana 9 + x.

Wote wawili wanaongezeka umri. Inasikika kama jambo la wazi, lakini kosa la kumwongezea miaka mmoja na kumwacha mwingine palepale ni la kila siku. Sasa sentensi ya swali: umri wa baba (wakati huo) ni mara tatu ya umri wa mwana (wakati huo).

41 + x = 3(9 + x)
41 + x = 27 + 3x
14 = 2x
x = 7

Hakiki kwa maneno: baada ya miaka 7 baba ana 48, mwana ana 16. Mara tatu ya 16 ni 48. Sawa.

Sasa tazama kinachotokea ukisahau mabano. Unaandika 41 + x = 3 × 9 + x, x zinafutana pande zote mbili, unabaki na 41 = 27. Watu wakifika hapo wanafuta na kuanza kubahatisha. Usifute. Mlinganyo unaokuletea upuuzi kama huo unakuonyesha kwamba tafsiri ndiyo mbovu. Rudi kwenye mstari wa kwanza, hesabu zako za chini ziache.

Badilisha swali kidogo: lini baba atakuwa na umri mara *tano* ya mwana? 41 + x = 5(9 + x), yaani 41 + x = 45 + 5x, inakuja −4 = 4x, na x = −1. Jibu hasi! Je, tumekosea? Hapana. Baada ya miaka hasi moja ni mwaka mmoja uliopita. Mwaka jana baba alikuwa na 40 na mwana 8, na 40 ni mara tano ya 8. Mlinganyo unajua jambo ambalo aliyeuliza hakulijua: wakati huo umeshapita. Ndiyo maana jibu la ajabu lisitupwe kabla ya kuulizwa linamaanisha nini.

Sehemu ya kilichobaki

Asubuhi theluthi moja ya maji ya tangi ilitumika. Mchana ikatumika robo ya yaliyobaki. Jioni zikatumika lita 60, zikabaki lita 120. Tangi lilikuwa na lita ngapi?

Neno linalobeba swali zima ni "yaliyobaki". Asiyeliona anajumlisha theluthi na robo anapata 7/12, anasema kilichosalia ni 5/12, nacho ni lita 180, kwa hiyo tangi lilikuwa na lita 432. Hebu tuliangalie jibu hilo likitembea kwenye hadithi: 432, ondoa theluthi, zinabaki 288, ondoa robo ya 288, zinabaki 216, ondoa 60, zinabaki 156. Swali lilisema 120. Limekataa.

Hapa mimi wala sitafuti x. Narudi kinyumenyume, kama mtu anayefuata nyayo zake. Mwisho kuna lita 120. Kabla ya jioni zilikuwa 180. Hizo 180 ndizo zilizosalia baada ya robo kuondoka, maana yake ni robo tatu ya kilichokuwapo mchana. Robo moja ni 60, kwa hiyo robo nne ni 240. Hizo 240 nazo ni theluthi mbili za mwanzo. Theluthi moja ni 120, na tatu ni 360. Tangi lilikuwa na lita 360. Hakiki kwenda mbele: 360, 240, 180, 120.

Hadithi yoyote iliyonyooka, yenye mwisho unaojulikana na mwanzo usiojulikana, inakubali kurudishwa nyuma hivi. Aljebra itunze kwa pale ambapo kitu kisichojulikana kinajitokeza mara mbili, kama kwenye ule mfano wa umri.

Asilimia: uliza "ya nini?"

Bei imepanda kwa asilimia 25 na sasa ni 1,000. Zamani ilikuwa ngapi? Jibu linaloruka mdomoni ni 750, kwa kuwa robo ya 1,000 ni 250. Lakini ile asilimia 25 ilikuwa ya bei ya *zamani*, si ya sasa. Ita bei ya zamani x: x pamoja na robo yake ni 1,000, yaani 1.25x = 1,000, na x = 800. Ukiongeza robo ya 800 unafika 1,000. Ukijaribu na 750 unaishia 937.50.

Kwa sababu hiyo hiyo, kupanda kwa asilimia 20 kisha kushuka kwa asilimia 20 hakukurudishi ulipoanzia: 100 inakuwa 120, halafu inaondoka asilimia 20 ya 120, ambayo ni 24. Unabaki na 96.

Kubuni jibu kwa makusudi

Kuna njia ya kale ambayo walimu wengi hawaifundishi tena, nami naipenda. Kwenye karatasi ya mafunjo iliyonakiliwa na mwandishi wa Misri aitwaye Ahmose, yapata mwaka 1550 KK, kuna swali la namna hii: kiasi fulani kikijumlishwa na sehemu yake ya saba kinakuwa 19. Ahmose hakuwa na x. Alibuni jibu: tuseme ni 7, kwa kuwa sehemu ya saba ya 7 ni rahisi. Saba na moja ni 8. Lakini tunataka 19, na 19 ni mara 2 na 3/8 ya 8. Basi na ile 7 ya kubuni izidishwe mara hiyo hiyo: inakuja 16 na 5/8. Angalia mpaka wake, hata hivyo. Njia hii inakubali pale tu ambapo kila kitu kinakua kwa pamoja. Kwenye 3x + 7 = 31 itakudanganya, maana ile 7 haikui x inapokua.

Ubunifu wa namna nyingine unafaa kwenye maswali ya vitu vya aina mbili. Kuna baiskeli 20, nyingine za magurudumu mawili na nyingine za matatu, na magurudumu yote ni 47. Za matatu ni ngapi? Chukulia zote ni za mawili: magurudumu yangekuwa 40. Yamezidi 7, na kila baiskeli ya magurudumu matatu inaleta gurudumu moja la ziada. Kwa hiyo za matatu ni 7, za mawili ni 13. Anayetaka milinganyo ataandika x + y = 20 na 2x + 3y = 47, atazidisha ule wa kwanza kwa 2 apate 2x + 2y = 40, atautoa kwenye wa pili abaki na y = 7. Ukitazama vizuri, amefanya kile kile: ile 40 ni baiskeli zote tulizojifanya ni za magurudumu mawili.

Mwendo, kazi na saa

Gari limekwenda kwa kilomita 60 kwa saa na kurudi njia ile ile kwa kilomita 40 kwa saa. Mwendokasi wa wastani wa safari nzima ni upi? Si 50. Wastani wa mwendo ni umbali wote kugawanya kwa muda wote, na gari limekaa barabarani muda mrefu zaidi wakati likienda polepole. Buni umbali unaogawanyika vizuri, tuseme kilomita 120: kwenda saa 2, kurudi saa 3, jumla kilomita 240 kwa saa 5. Ni 48.

Kazi za pamoja zinatatuliwa kwa ujanja huo huo. Bomba moja linajaza tangi kwa saa 4, la pili kwa saa 6, yakifunguliwa pamoja? Usijumlishe saa, na usitafute wastani wake. Kabla ya kukokotoa, pima jibu kwa macho: bomba la saa 4 lina msaidizi, kwa hiyo lazima iwe chini ya saa 4. Na kama yote mawili yangekuwa na kasi ya lile la kwanza ingekuwa saa 2. Yote mawili yakiwa kama la pili, saa 3. Kwa hiyo jibu liko kati ya 2 na 3. Sasa buni tangi la ndoo 12, maana 12 ndiyo namba ndogo kabisa inayogawanyika kwa 4 na kwa 6. Bomba la kwanza linaleta ndoo 3 kwa saa, la pili ndoo 2. Pamoja ni 5, na 12 ÷ 5 ni 2.4.

Saa mbili nukta nne ni saa 2 na dakika ngapi? Si dakika 4, wala si 40. Ni 0.4 ya dakika 60, yaani dakika 24. Mimi mwenyewe niliwahi kupanga ratiba ya siku nzima nikiwa nimeingiza saa moja na dakika 30 kwenye kikokotoo kama 1.30, na nikashangaa kwa nini kila shughuli inachelewa. Ilitakiwa kuwa 1.5.

Ama saa zetu za Kiswahili, zina uzuri wake. Anayelala saa tatu usiku na kuamka saa kumi alfajiri anatoa tu 3 kwenye 10: amelala saa 7. Usiku wa manane haukatizi hesabu. Panapokatiza ni saa kumi na mbili, asubuhi na jioni. Kwa hiyo safari iliyoanza saa tano na dakika 40 asubuhi na kuisha saa mbili na robo usiku ikate hapo: kutoka 5:40 hadi 12:00 ni saa 6 na dakika 20, kutoka 12:00 hadi 2:15 ni saa 2 na dakika 15. Jumla saa 8 na dakika 35. Kama ratiba imeandikwa kwa mtindo wa saa 24, kwa mfano 11:40 hadi 20:15, toa moja kwa moja, ukikumbuka kwamba unapoazima saa moja unaazima dakika 60, si 100.

Kuhakiki

Uhakiki unafanywa kwenye *maneno* ya swali, si kwenye mlinganyo wako. Kama ulitafsiri vibaya, mlinganyo mbovu utalikubali jibu bovu bila haya. Rudisha namba kwenye hadithi, itembeze tangu mwanzo kama tulivyofanya kwa tangi, uone kama kila sentensi inasimama.

Na wakati mwingine uhakiki unagundua kwamba swali lenyewe ni bovu. "Namba tatu kamili zinazofuatana zina jumla ya 100. Zitaje." Ita ya kwanza x: x + (x + 1) + (x + 2) = 100, inakuja 3x = 97, na 97 haigawanyiki kwa 3. Usilazimishe 32 na kitu. Jibu ni kwamba namba hizo hazipo, kwa kuwa jumla ya namba tatu zinazofuatana siku zote inagawanyika kwa 3.

Jaribu haya mwenyewe

1. Namba mbili zina jumla ya 74, na kubwa inazidi ndogo kwa 18. Ni zipi?

2. Urefu wa mstatili ni pungufu ya mara mbili ya upana kwa sentimita 3. Mzingo wake ni sentimita 54. Tafuta urefu.

3. Bei imepunguzwa kwa asilimia 15 na sasa ni 680. Ilikuwa ngapi?

4. Umri wa dada na wa kaka ukijumlishwa sasa ni miaka 40. Miaka mitano iliyopita umri wa dada ulikuwa mara mbili ya umri wa kaka. Kila mmoja ana miaka mingapi?

Majibu: la kwanza ni 28 na 46. La pili ni sentimita 17. Kama umeandika 10, hesabu yako ni sahihi ila umetoa upana. La tatu ni 800, na aliyepata 782 amechukua asilimia 15 ya bei isiyo yake. La nne: dada 25, kaka 15. Njia fupi ni kuona kwamba miaka mitano iliyopita jumla yao ilikuwa 30, si 35, kwa kuwa miaka mitano inaondoka kwa kila mmoja wao. Kisha gawanya 30 mafungu matatu, mawili ya dada na moja la kaka, halafu warudishie kila mmoja miaka yake mitano.